Yakini, Dhana na Uvimbe wa Titi

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza, na tangu alipovuka miaka 50 huletewa barua kila baada ya miaka mitatu. Barua inamwita akapigwe picha ya matiti, mamogramu, ingawa haumwi wala hajagusa kivimbe chochote. Ya kwanza aliiitikia bila kuuliza. Ya pili ilipofika alinipigia simu. Alikuwa amekisoma kijitabu kilichokuja nayo, akakuta faida na madhara yameandikwa pamoja, na huku rafiki zake wakimrushia kwenye simu matangazo ya njia nyingine: kipimo cha joto la ngozi, altrasaundi, mitishamba ya kusafisha matiti. "Dada," akaniuliza, "nisipokwenda nitakuwa na dhambi?"

Hapa Tanga wanawake ninaosoma nao darsa wana swali lao. Wao hawaletewi barua na mtu. Huniuliza: "Bi Mkubwa, sisi tusioitwa tunadaiwa nini?"

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mwili ni amana, na kwamba siku ya hesabu mtu ataulizwa aliuchakaza katika jambo gani. Aliyewekewa amana anadaiwa asiiharibu, na anadaiwa pia aiangalie. Lakini aiangalie mpaka wapi? Kama sina maumivu, nala na nalala, je, ni wajibu wangu kuutafuta ugonjwa ambao haujanitokea? Na kama ni wajibu, ni lazima iwe kwa mashine ile, au zipo njia nyingine zinazotosha?

Nimekuwa muuguzi na mkunga karibu umri wangu wote wa kazi, kwanza katika zahanati za vijijini, kisha wodi ya upasuaji ya wanawake, na sasa nimestaafu. Sitoi fatwa, kazi hiyo ina wenyewe. Ninachoweza ni kuyasoma pamoja yale niliyofunzwa na masheikh na yale waliyoyapima madaktari, halafu niseme waziwazi ninachokiamini.

Aliyenipa mizani ni mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mjini Tus mwaka 1111. Katika utungo wake mkubwa, Ihya, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, anazipanga sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini: maji kwa mwenye kiu, chakula kwa mwenye njaa. Kuiacha daraja hii mtu akidai kwamba anamtegemea Mungu si tawakali hata kidogo, na ikichelewa hata kifo kikahofiwa, ni haramu. Ya pili ni ya dhana: kuumika, dawa za kuendesha, na milango mingine ya tiba inayojulikana kwa matabibu. Kuitumia hakuvunji tawakali, na kuiacha si haramu; inaweza kufaa kwa mtu mmoja na isimfae mwingine. Ya tatu ni ya dhana tupu, na humo ameweka mambo kama kuchomwa kwa chuma cha moto. Hiyo, asema, anayemtegemea Mungu huiacha.

Jambo moja lazima liongezwe. Tiba ya zama zake karibu yote ilikuwa ya daraja la pili, na baadhi yake imepanda tangu wakati huo. Mimi mkunga nimemwona mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua akitiwa damu na akafungua macho; hayo kwake yalikuwa maji kwa mwenye kiu. Baraza la kimataifa la fikihi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilizingatia hilo: asili ya kujitibu ni ruhusa, na hukumu hubadilika kwa hali, mpaka ikawa wajibu pale ambapo kuacha kutaangamiza nafsi au kiungo. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama mamogramu ni wajibu anapaswa kwanza kuuliza: mamogramu iko daraja gani? Na hilo hatuwezi kulijibu kwa kutazama vitabu vya dini peke yake. Lazima tuwaulize waliohesabu.

Wamehesabu sana. Nchini Sweden, utafiti ulioanza mwaka 1977 katika majimbo mawili ulionyesha kwamba wanawake walioalikwa kupigwa picha walikufa kwa saratani ya matiti kwa upungufu wa takriban asilimia 30 wakilinganishwa na wasioalikwa. Kanada ilianza utafiti wake mwaka 1980, ikawachukua wanawake karibu 90,000 wa kati ya miaka 40 na 59. Wale wa miaka 50 na zaidi waligawanywa: kundi moja lilipigwa picha na pia kupapaswa matiti na wauguzi waliofunzwa, kundi la pili lilipapaswa tu. Baada ya miaka 25, vifo vya saratani ya matiti katika utafiti mzima vilikuwa 500 upande wa picha na 505 upande wa pili. Utafiti huo umekosolewa vikali, kwa ubora wa picha zake na kwa namna wanawake walivyogawanywa, na wenyewe wameutetea vikali vilevile. Mwaka 2012 jopo huru la Uingereza lililoongozwa na Michael Marmot liliyapitia yote na kutoa makadirio: wakialikwa wanawake 10,000 wenye miaka 50 na kuendelea kuitwa kwa miaka 20, vifo 43 vitaepukwa, na wanawake 129 watagunduliwa saratani ambayo isingejitokeza uhai wao wote.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Zipo saratani za matiti zinazokwenda polepole sana, au zinazosimama, na mwanamke angekufa uzeeni kwa jambo jingine bila kujua kwamba alikuwa nayo. Picha haijui kutofautisha. Daktari naye hajui. Basi wote hutibiwa: upasuaji, mionzi, vidonge vya miaka mitano. Mwanamke anapona, anashukuru, anawaambia wenzake kwamba picha ilimwokoa. Huenda ni kweli. Lakini kwa kila mmoja aliyeokolewa hivyo kuna karibu watatu waliotibiwa kwa kitu ambacho kisingewadhuru, na hakuna mtu duniani, si yeye wala daktari wake, anayeweza kumwonyesha yupi ni yupi. Anayejua ni Mwenye kujua ghaibu peke yake.

Mimi nalisoma hili kama jambo la dini, na kubwa. Tumezoea kudhani kwamba kipimo kinafunua siri. Hiki kinafunua kivuli, na maana ya kivuli inabaki siri hata baada ya matibabu kwisha. Mwanamke anayekwenda anafanya tendo ambalo matunda yake hatayaona kwa jicho. Anayekataa vivyo hivyo. Kila mmoja anabaki na nia yake na matumaini yake. Basi nani ana haki ya kumwambia asiyekwenda kwamba ameutupa uhai wake, au aliyekwenda kwamba imani yake haikutosha?

Kuna tofauti nyingine ambayo sisi wauguzi tunapaswa kuikumbuka. Mgonjwa anapokuja mwenyewe akisema naumwa, haja yake ndiyo inayotupa ruhusa ya kumgusa na hata kumkata. Mtu mzima wa afya hakutuita. Tumemwita sisi. Anayemwita mzima aje atafutwe ugonjwa anabeba deni zito zaidi la kusema kweli: kwamba huenda tukakuokoa, huenda tukakutia hofu ya bure wiki kadhaa, huenda tukakutibu usichostahili kutibiwa. Kanuni ya fikihi kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa iliwekwa kwa mambo kama haya. Kijitabu alicholetewa mdogo wangu kimetimiza deni hilo, na ninakisifu kwa hilo.

Mamogramu, basi, naiweka daraja la pili. Ni dhana, tena dhana yenye nguvu kwa mwanamke wa miaka 50 hadi 69 aliye katika nchi ambayo picha ikionyesha jambo, matibabu hufuata bila kuchelewa. Si maji kwa mwenye kiu. Kwa mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua akiwa kijana, dhana hiyo inazidi uzito, na kwa mwenye kurithi kasoro za jeni za BRCA1 au BRCA2 madaktari huongeza kipimo cha MRI kila mwaka, kwa sababu hatari yake haifanani na ya wengine. Hukumu ya watu wawili inaweza kutofautiana bila mmoja kuwa mcha Mungu kuliko mwenzake.

Sasa nirudi Tanga. Uzito wa dhana haukai katika mashine. Uko katika mwili unaopimwa na nchi unamoishi. Kiwango cha saratani ya matiti kwa wanawake wa Uingereza ni zaidi ya mara tatu ya chetu, kwa hiyo picha zilezile zikipigwa hapa zitawakuta wagonjwa wachache zaidi kati ya wengi watakaotiwa hofu. Halafu sehemu kubwa ya wagonjwa wetu hawajafika miaka 50. Titi la mwanamke kijana lina nyama nzito ambayo kwenye picha hutokea nyeupe, na saratani nayo hutokea nyeupe. Kinachotafutwa kinafunikwa na kinachokizunguka. Na la tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote: tatizo letu kuu si vivimbe vidogo visivyogusika. Tathmini iliyofanywa Tanzania mwaka 2017 ilisema karibu wagonjwa wanane kati ya kumi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Vivimbe hivyo haviihitaji mashine. Mkono unavijua, jicho linaviona.

Shirika la Afya Duniani lilisema jambo hilo mwaka 2014: kwa nchi zenye uwezo mdogo, kwanza ni kuwahi kumtambua mwanamke mwenye dalili na kumtibu, kabla ya kujenga mpango wa kuwapiga picha wasio na dalili. Wengine walilisikia kama kusema kwamba maskini apewe kidogo. Sikubaliani nao. Mashine ya picha katika mji ambao kinyama kilichokatwa titini ili kipimwe hakina mtu wa kukisoma ni kumwonyesha mtu moto bila kumpa mlango.

Basi zile njia nyingine, nazo nizipime moja baada ya nyingine, kwa sababu watu huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba zina daraja sawa.

Kujipapasa mwenyewe kila mwezi tulikufundisha kwa miaka mingi, kwa mabango na kwa ratiba. Kule Shanghai, kuanzia mwaka 1989, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waliingizwa katika utafiti. Nusu walifundishwa kwa bidii na kukumbushwa, nusu hawakufundishwa. Baada ya miaka kumi na kidogo, vifo vya saratani ya matiti vilikuwa 135 kwa waliofundishwa na 131 kwa wasiofundishwa, na waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi kwa vivimbe visivyo na madhara. Ratiba ya kila mwezi, kwa hiyo, haijathibitika kuokoa. Lakini lisifahamike vibaya: kuujua mwili wako ulivyo, ukatambua siku ulipobadilika, ni jambo jingine, na hilo halihitaji ratiba wala hofu. Mwanamke anayeoga na kujipaka mafuta anaujua mwili wake. Kinachobaki ni asipuuze alichokijua.

Kupapaswa na mtu aliyefunzwa kuna ushahidi ulio karibu nasi zaidi. Mumbai, kuanzia mwaka 1998, wanawake zaidi ya 150,000 wa kati ya miaka 35 na 64 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipapaswa matiti kila baada ya miaka miwili na wanawake wahudumu wa afya ya msingi, si madaktari, na kuelimishwa. Miaka 20 baadaye saratani za kundi hilo zilikuwa zimegunduliwa mapema zaidi. Vifo vilipungua kwa asilimia 15 kwa jumla, tofauti ambayo kitakwimu haiwezi kutegemewa. Kwa wenye miaka 50 na zaidi vilipungua karibu asilimia 30, na hiyo ilitegemeka. Kwa wasiofika 50 hapakuonekana nafuu ya kutegemewa. Nalisema hili la mwisho kwa sauti ileile, maana amana ya elimu ni kusema na lisilotupendeza. Nchini Sudan, katika jimbo la Jazira, kati ya mwaka 2010 na 2012 wanawake wa vijijini walijitolea wakafunzwa kupapasa na kuelekeza, na vijiji vyao vikatoa wagonjwa wengi zaidi wa hatua za mwanzo kuliko vijiji jirani. Hii nayo ni dhana yenye nguvu, tena haihitaji umeme.

Altrasaundi ni nzuri sana pale ambapo kivimbe kimeshagusika: hutenganisha cha maji na cha nyama, na huongoza sindano. Kwa kuwatafuta wasio na dalili, Japani ilifanya utafiti kwa karibu wanawake 73,000 wa miaka ya arobaini, ikaonekana mwaka 2016 kwamba altrasaundi ikiongezwa juu ya picha hugundua saratani nyingi zaidi kuliko picha pekee. Lakini kugundua zaidi na kuokoa zaidi ni mambo mawili, kama nilivyoeleza. Si badala ya picha. Ni nyongeza, na kwa titi zito la kijana ni msaada.

Kipimo cha joto la ngozi huuzwa kwa maneno mazuri: hakina mionzi, hakibani, hakiumi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kinaweza kusimama mahali pa mamogramu. Kama ni mionzi inayomwogopesha mtu, ya mamogramu ni kidogo, sawa na ile anayoipata kila kiumbe kutoka ardhini na angani kwa wiki chache. Kipimo cha joto na mitishamba ya kusafisha matiti naviweka daraja la tatu, pamoja na kile chuma cha moto. Hatari yake ni kwamba humtuliza mtu. Mwanamke huondoka na karatasi yenye rangi akiamini amekaguliwa, na siku titi likibadilika ataikumbuka karatasi badala ya kwenda hospitali.

Na kombe, na kisomo? Mimi nasomewa na nasoma. Dua haigombani na hospitali, na sijawahi kumwambia mgonjwa aache. Lakini dua ni ibada, haikuwekwa iwe kipimo. Mtu akiniambia amekunywa kombe na kwa hiyo kivimbe hakihitaji kutazamwa, ameishusha ibada mahali pasipo pake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye daraja la kwanza, ambalo katika mazungumzo yote ya mashine na njia badala hupitwa haraka. Kivimbe kilichoguswa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, kidonda kisichofunga. Mwenye moja ya haya hayumo tena katika kundi la wanaotafuta wasichokijua. Vivimbe vingi si saratani, na hilo ni la kumtuliza njiani, lakini kwenda kujua ni lazima. Ikithibitika ni saratani na ikakutwa mapema, matibabu yanaokoa wengi mno: Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 90 huwa hai baada ya miaka mitano, na Afrika Kusini ni asilimia 40. Miili ya wanawake haijatofautiana kiasi hicho. Kilicho katikati ya 90 na 40 kwa sehemu kubwa ni kuchelewa na matibabu yasiyokamilika. Hayo kwangu ni maji na mwenye kiu, na anayeacha hapa asiseme anatawakali.

Nilimpokea wodini mwanamke kutoka kijiji cha pwani kusini mwa mji wetu. Alikuwa amejifukiza udi mwingi, na chini ya udi kulikuwa na harufu ambayo kila muuguzi anaijua. Alipofungua kanga titi lilikuwa limepasuka. Kivimbe alikigusa mapema, kikiwa kidogo cha kuteleza chini ya kidole. Akasema mume yuko dago la uvuvi, amngoje. Mume aliporudi akasema wamngoje kaka mkubwa. Kaka akasema ni husda, apelekwe kwa mtu anayemjua. Kila mmoja alikuwa akimpenda. Sikusikia neno baya kwa yeyote kati yao, na yule mume alilia mlangoni kama mtoto. Lakini mwanamke yule alikufa kwa mlolongo wa ruhusa.

Tangu hapo nimekuwa nikisema darsani bila kuzunguka: wanazuoni wameeleza kwamba dharura haingojei idhini. Mke aliyegusa kivimbe anatoka, anamwarifu mumewe, na mume mwema ndiye anayemtafutia nauli. Vivyo hivyo juu ya stara. Najua wapo wanaochelewa kwa kuona haya kuvua mbele ya tabibu mwanamume, na haya yao naiheshimu. Mafakihi wetu wa Kishafii wamepanga utaratibu: aanze mwanamke, akikosekana ndipo mwanamume, kwa kadiri ya haja na pakiwepo mahramu au mtu wa kuaminika. Walipanga ili mlango uwe wazi. Hakuna aliyepanga ili mgonjwa afe amejistiri. Na atakayesema kwamba lililoandikwa litakuwa tu, akumbuke Umar bin al-Khattab alivyogeuza msafara asiingie Sham palipokuwa na tauni. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine, na zote ni za Mungu. Kuingia zahanati nako kumeandikwa.

Sasa niseme ninachokiamini kuliko yote. Tumelifanya swali la saratani ya matiti kuwa swali la mwanamke mmoja na dhamiri yake: ameenda, hakwenda, amejipapasa, hakujipapasa. Sehemu kubwa ya wajibu haiko hapo. Kwa mwanamke asiye na dalili, kupimwa ni hiari yake baada ya kuambiwa ukweli. Kwa mji anamoishi, kuwepo kwa mtu wa kumpapasa, wa kumkata kinyama, wa kukisoma na wa kumtibu ni fardhi kifaya: wakifanya baadhi, wengine wamesameheka, asipofanya yeyote, dhambi inatuenea sote. Al-Ghazali huyuhuyu, katika kitabu cha elimu, alilalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Mwislamu, ilhali watu walisongamana kusoma mijadala ya fikihi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe wengi. Aliita tiba kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa dini, hakuwalaumu wagonjwa. Na kabla yake, Madina, Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema msikitini akiuguza majeruhi, na Saad bin Muadh alilazwa humo. Msikiti wa Mtume ulikuwa na muuguzi wake mwanamke.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha tatu kwa ugonjwa huu: angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Ninazisoma kama maelezo ya fardhi kifaya kwa tarakimu. Ya kwanza inataka wanawake waliofunzwa, kila kata, wa kupapasa na kuelimisha. Ya pili inataka mtaalamu wa kusoma vinyama asiwe wa jiji kubwa pekee. Ya tatu inataka nauli. Kutoka Tanga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kama kilomita 350, na mgonjwa huitwa tena na tena. Wengi hukatisha matibabu kwa kukosa pa kulala.

Mdogo wangu nilimjibu hivi: katika ukoo wetu hakuna aliyeugua, una miaka hamsini na kitu, uko penye matibabu ya haraka, kwenda kuna matumaini ya kweli, na ukikaa huna dhambi wala asikulaumu mtu. Usiuze nafasi hiyo kwa kipimo cha joto. Na siku ukigusa kitu, usingoje barua. Alikwenda, kwa hiari yake.

Wenzangu wa darsa jibu lao ni refu zaidi, kwa sababu linawahusu pia waume na maimamu. Asiyeitwa hadaiwi mamogramu. Anadaiwa kuujua mwili wake, kutoficha alichogusa, na kumsindikiza mwenzake siku ileile. Wanaume wanadaiwa kutozuia. Na misikiti yetu, ambayo huchangisha mazulia na vipaza sauti na ikapata, inadaiwa mfuko wa nauli na malazi kwa wagonjwa wanaokwenda Dar es Salaam. Maskini na msafiri aliyekwama wote wametajwa miongoni mwa wanaostahili zaka, na mgonjwa huyu ni wote wawili. Tuanze na kata yetu, kwa wauguzi wastaafu tuliopo ambao bado tuna vidole na macho: mimi niko tayari kufundisha kupapasa titi kwa yeyote atakayekuja, na imamu atakayeutangaza mfuko huo juu ya mimbari Ijumaa ijayo ataniona nimeketi nyuma na mchango wangu mkononi.